Somo Wangu Brigita

Harufu ya mitumba ikifunguliwa, ile ya dawa na vumbi la mbali, hadi leo hunirudisha Sumbawanga, mwaka niliopata kipaimara. Nguo hizo zilikuwa ndiyo kwanza zimejaa sokoni, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha khanga. Bibi alininunulia gauni jeupe lenye kola ya lesi, akalianika uani kutwa nzima lipigwe na upepo, na bado likanuka ugeni.

Bibi aliitwa Brigita, nami nikapewa jina lake. Tulikuwa masomo, na ndivyo tulivyoitana: somo, lete kuni, haya, somo. Jioni, akikoroga uji wa ulezi, alinisimulia habari za mtakatifu wa jina letu. Aliwagawia maskini maziwa yote, ndoo zikajaa tena. Aliomba ardhi ya kujenga nyumba ya watawa, akaambiwa achukue inayotosha shuka yake. Akaitandaza, ikafunika uwanda mzima. Msinicheke: mimi nilimwona pale pale kwetu Ufipa, kwenye nyasi zisizo na miti, shuka ikikimbia chini ya mawingu mpaka ukingo wa kuteremkia bondeni Mtowisa.

Sista aliyetufundisha dini alikuwa mama mzee kutoka Ayalandi. Niliposimulia hayo darasani alitabasamu.

"Huyo ni wa kwetu," alisema. "Lakini nikuambie kweli, mwanangu, hata sisi hatujui vizuri alikuwa nani. Wengine husema ni wanawake wawili waliochanganywa. Wengine husema ni habari za mungu wa kike wa zamani, mwenye jina hilo hilo, zikabandikwa kwake."

"Kwa hiyo hakuwepo?"

"Nadhani alikuwepo."

Nadhani! Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamwambia Bibi kwamba mbele ya askofu nitajiita Maria, maana Maria alikuwepo kweli.

Bibi aliacha kupepeta. Hakunikaripia.

"Na mimi je," aliuliza, "nipo?"

Kisha akaendelea na ungo wake. Tangu hapo hakuniita somo tena. Aliniita "wewe", kwa upole ule ule, na nyumba ikapoa kama jiko lililomwagiwa maji.

Siku ya kipaimara askofu aliniinamia, akaniuliza jina. Nyuma yangu nilisikia Bibi akikohoa. "Brigita," nikasema, karibu kwa kelele. Haikuwa imani, nilimtaka tu mtu wangu arudi. Tulipotoka nje Bibi alinivuta kando. "Somo," alisema, "mbona kola imepinda?"

Alifariki nikiwa mtu mzima. Msibani mzee mmoja kutoka Kipili, kule ziwani, alisimulia jinsi Bibi, akiwa mjamzito, alivyopanda mlima na mtoto wa jirani mgongoni kumpeleka hospitali. Mama aliniinamia sikioni: huyo hakuwa Bibi, alikuwa dada yake, aliyekufa zamani na asiye na wa kumtaja. Nilifungua mdomo nimsahihishe mzee. Alikuwa akilia. Waombolezaji wakaitikia kwamba ndiyo, Brigita alikuwa hivyo, na mwingine akaongeza lake.

Nikawaacha wasimulie. Ndipo nilipoielewa ile "nadhani" ya Sista. Kumbe haikuwa ya kumkana mtu. Bibi alikuwa hajazikwa, na tayari alikuwa wanawake wawili. Na alikuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwosha asubuhi ile.