Kurasa Nilizoziruka Mbele ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa cherehani, na kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa riwaya za mapenzi. Mambo haya mawili yanakaa pamoja vizuri kuliko watu wanavyodhani. Cherehani iliyoshika kutu haitaki haraka. Unatia mafuta, unaiacha inywe, na wakati inakunywa una nafasi ya kusoma sura nzima. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyoyajua baadaye niliyapata vitabuni: umeme mdogo, mwili wa binadamu, historia ya misheni ya Karema nilikozaliwa. Vitabu hivyo navisoma nikiwa nimekaa wima, kalamu mkononi. Riwaya za mapenzi nazisoma nikiwa nimeegemea ukuta.

Wateja wangu ni washonaji wa soko la Kashaulili hapa mjini, na wananijua. Majalada nayafunika kwa karatasi za kalenda za zamani kwa sababu vidole vyangu vina mafuta. Wao hawaamini kuwa sababu ni hiyo.

"Fundi, leo wamefikia wapi?" huuliza mama mmoja anayeshona sare za shule, kila anapoleta mashine yake.

"Wamegombana."

"Na mashine yangu?"

"Inasubiri wapatane."

Kero zipo. Muuza vitabu wangu, anayetandaza turubai karibu na wauza mitumba, huletewa mzigo na treni kutoka Tabora, na haoni tabu kuniuzia riwaya isiyo na kurasa za mwisho. Nikilalamika ananiambia, "Fundi, mwisho si unaujua? Wanaoana." Hilo linaniudhi kwa sababu ni kweli. Kero nyingine ni kwamba katika vitabu vyote hivyo sijawahi kukutana na mwanamume anayetengeneza kitu. Wote wana makampuni. Kitu kikiharibika wanapiga simu, na aliyekitengeneza hatumwoni.

Jioni nilikuwa namsomea mke wangu. Yeye anauza dagaa na samaki wa migebuka pale pale sokoni, na kila siku saa kumi hukaa uani kuchambua dagaa wa kesho yake. Mikono yake ina kazi, masikio yake hayana. Kwa hiyo nasoma kwa sauti, naye anawasema wahusika. Watoto wetu wako shule za bweni, na saa hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko zote. Ilikuwa hivyo mpaka mama mkwe alipokuja kukaa nasi.

Mama mkwe wangu ni Msukuma, anaishi na ng'ombe wake huko njia ya Mishamo. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na miaka ya karibuni alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Tulisikia kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya mjini mwisho wa mwezi, kuwafanyia upasuaji watu wenye tatizo kama lake. Mke wangu akamfuata kwa basi mapema, akihofia kwamba akichelewa, mama atapata sababu ya kutokuja.

Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno lolote linapitia kwa mtu wa tatu. Kwetu Karema heshima hiyo ipo lakini ni nyepesi. Ya kwake ilikuwa nzima. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, kwa hiyo ilinibidi kukohoa kabla ya kila mlango, na kwenda chooni nilikuwa nazunguka kupitia mahindi ya jirani. Jirani aliniuliza kama tumbo langu ni zima. Nikamwambia nina mgeni.

Jioni ya kwanza nilikaa uani na kitabu kama kawaida. Mama mkwe alikuwa ndani, kwenye kigoda chini ya dirisha. Riwaya ilihusu muuguzi mmoja aliyependwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa tajiri mwenye malori. Mwingine alikuwa bwana mifugo wa kijijini kwao, aliyetibu ng'ombe wa baba yake bila kudai kitu. Nilisoma vizuri tu, mpaka mwenye malori alipomfuata muuguzi nyuma ya wodi na kuushika mkono wake. Hapo nikasikia kigoda kimetulia kabisa ndani. Nikaona mistari inayofuata. Nikageuza ukurasa.

"Mbona umeruka?" mke wangu akauliza.

"Chambua dagaa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mama anasikia."

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu. Asubuhi, karakana, nilikuwa naipitia sehemu ya jioni, na kila penye mambo yasiyosomeka mbele ya mkwe naweka kipande cha uzi. Jioni nikifika kwenye uzi, naruka, halafu naunganisha kwa maneno yangu mwenyewe: "Mambo yakaendelea." Nilidhani imekaa vizuri.

Mama mkwe alikuwa upande wa bwana mifugo. Mke wangu aliniletea maoni yake kila asubuhi pamoja na chai. Mwanamume anayejua kuzalisha ng'ombe, alisema, hawezi kushindwa kumtunza mke. Aliuliza pia kama mwenye malori ametaja idadi ya ng'ombe wa mahari. Nikajibu, kupitia kwa mke wangu, kwamba hajataja. Jibu likarudi: basi huyo hajaja kuoa, anapita tu.

Baadaye likaja swali jingine. Nililisikia mwenyewe kupitia dirishani, likielekezwa kwa mke wangu, ambaye mama yake humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, muulize baba wa watoto wako. Haya mambo yanayoendelea kila siku, ni mambo gani?"

Mke wangu alicheka mpaka akamwaga dagaa.

Siku zilivyosogea, mama mkwe alianza kuzungumzia nyumbani. Ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Maharage yalikuwa yamekauka shambani na hakuna wa kuyapiga. Mke wangu alijua kuwa hayo siyo. Kuna mwanamke huko kwao alikuwa amemwambia kwamba madaktari wanalitoa jicho, wanaliosha kwenye beseni, kisha wanalirudisha, na mara nyingine wanakosea wanarudisha la mwingine. Madaktari wangefika Jumatatu. Mama mkwe akatangaza kwamba ataondoka na basi la Jumamosi.

"Akiondoka hatarudi tena," mke wangu aliniambia, na mara hii hakuwa anacheka. "Atakuwa kipofu moja kwa moja. Na mimi nitakuwa nimemwachia."

"Kinachomkalisha hapa ni kitabu," nikasema.

"Basi soma."

"Nasoma."

"Unasoma mifupa. Nyama unakula mwenyewe."

Nikamwambia asome yeye. Alinitazama kama niliyemtukana. "Mimi nimsomee mama yangu mambo hayo? Wewe umekunywa nini?"

Ijumaa hiyo jioni riwaya ilifika pabaya. Lori lilikwama kwenye tope, mvua ikaanza, na muuguzi alikuwa ndani pamoja na mwenye lori. Sura yote iliyofuata ilikuwa ndani ya lori. Niliiwekea nyuzi mwanzo na mwisho, nikairuka nzima. Mambo yakaendelea. Ukurasa uliofuata, muuguzi alimwambia bwana mifugo kwamba hamtaki tena, asihangaike na ng'ombe wa baba yake.

Mama mkwe hakula ugali vizuri usiku ule.

Jumamosi asubuhi mke wangu alitangulia sokoni kumwachia muuzaji mwenzake meza yake, ili arudi kumsindikiza mama kwenye basi. Mimi nilikuwa uani na cherehani ya mteja, nimeipa nyumba mgongo. Nikasikia mama mkwe ametoka, amekaa kizingitini na mfuko wake. Hapakuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na kuku wetu mmoja mweupe aliyekuwa akidonoa maganda.

"Wewe kuku," mama mkwe akasema, "mimi macho sina, lakini masikio ninayo. Nasikia karatasi zikigeuzwa. Moja, nyingine, nyingine, bila neno. Mtu anayegeuza karatasi bila neno anaficha kitu."

Niliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazika tayari. Kumjibu nisingeweza, na kunyamaza kungekuwa utovu wa adabu mkubwa zaidi.

"Cherehani," nikasema, "kuna mambo mtu mwenye heshima hawezi kuyatamka mbele ya wakwe."

"Kuku, nani kamwambia atamke? Binti kaacha bwana mifugo. Bwana mifugo hakunywa pombe, hakupiga mtu. Kaachwa kwa sababu gani? Sababu iko kwenye hizo karatasi. Mimi nitaenda nyumbani, nitakaa na ng'ombe, na sababu siijui."

Kuku akasogea. Mama mkwe akamwita arudi, kisha akaendelea.

"Ujue mimi nilisoma elimu ya watu wazima, kuku. Cheti ninacho. Ningekuwa na macho nisingemsumbua mume wa mtu. Ningekichukua kitabu nikasoma mwenyewe, kimya, hakuna wa kuona aibu."

Nilipaka mafuta mahali ambapo hapakuyahitaji.

"Cherehani," nikasema, "Jumatatu si mbali."

"Kuku, wanalitoa jicho wanaliosha kwenye beseni."

Hapo aligusa jambo ninalolijua. "Cherehani, mimi nimesoma habari hizo. Jicho halitoki mahali pake. Ndani yake kuna kitu kama kioo kidogo, kidogo kuliko kifungo cha shati. Kikizeeka kinaingia ukungu. Wanatia dawa ya ganzi, wanakitoa hicho, wanaweka kingine safi. Hakuna beseni."

Kuku akaondoka zake, na safari hii hakuitwa.

"Na baada ya hapo mtu anasoma?" akauliza. Hakumtaja kuku wala mtu.

"Akipata miwani ya kusomea, cherehani, anasoma."

Mke wangu aliporudi mbio kumwahisha kwenye basi, alimkuta mama yake amelala kitandani na mfuko umefunguliwa. "Nyie mmeongea nini?" aliniuliza.

"Sisi hatukuongea," nikamjibu, na ulikuwa ukweli.

Jumatatu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Mke wangu aliniambia kwamba alipokuwa akiingizwa chumbani alimshika muuguzi mkono na kumuuliza kama ameolewa, na mumewe ni nani. Alipofunguliwa bandeji kesho yake alitazama dari, akatazama dirisha, akamtazama binti yake, akamwambia amekonda. Kisha akauliza habari za miwani.

Miwani ilipatikana baada ya jicho kutulia. Kitabu nilikiweka mezani sebuleni, nikazitoa nyuzi zote, nikaenda karakana. Nilikuwa na wasiwasi usio wa kawaida kwangu. Sura ile ya lori niliihesabu kuwa bora kuliko zote, nilikuwa nimeisoma zaidi ya mara moja, na sasa ilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama kidoleni.

Alisoma siku mbili, kizingitini, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nazunguka kwenye mahindi ya jirani kwa bidii mpya, maana sasa alikuwa anaona. Siku ya pili jioni hukumu ilifika uani kupitia dirishani.

"Mayu, nimeisoma."

"Haya, mama. Umeonaje?"

"Nilidhani ni jambo. Kumbe mvua iliwakuta ndani ya gari. Kwa ajili ya mvua mtu anaacha bwana mifugo?"

"Mama, si mvua tu. Walishikana."

"Nimeona walivyoshikana. Nimesoma mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Huyo mwenye malori maneno mengi, lori kalikwamisha mwenyewe, na asubuhi wanakuja watu wengine kulisukuma. Bwana mifugo angelitoa usiku ule ule." Nikasikia kitabu kikifungwa. "Mwambie baba wa watoto hakukuwa na cha kumfanya ahangaike hivyo. Sisi pia tuliwahi kuwa vijana."

Mke wangu alinitazama, mikono ndani ya dagaa, akisubiri nimjibu mama yake. Nilikuwa natafuta namna ya kuitetea sura ile, na nikaona kwamba kuhusu kulisukuma lori alikuwa amesema kweli kabisa.

Aliondoka baada ya daktari kuridhika. Jicho la kushoto alikubali lifanyiwe upasuaji wataalamu watakaporudi, kwa sharti kwamba awe na kitabu cha kusoma wakati wa kusubiri. Siku ya safari nilibeba mizigo yake mpaka stendi, mbele kabisa, mke wangu na mama yake wakifuata nyuma. Nilimpa kondakta mizigo, nikasimama pembeni karibu na ukuta, nimeangalia chini kama inavyotakiwa. Mama mkwe alipanda, akakaa dirishani. Nilihisi nikitazamwa. Kwa miaka mingi, kwanza kwa heshima na baadaye kwa macho yake, alikuwa akiijua sauti yangu tu.

"Mayu," nikamsikia akimwambia binti yake, wala hakujali kupunguza sauti, "huyo pale ndiye mumeo?"

"Ndiye, mama. Si unamjua?"

"Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa kijana. Na anavyosoma, nilikuwa namwona kijana bado." Basi likaanza kunguruma. "Mwambie sauti haijazeeka. Aendelee."