Sigara Nene za Mama Minza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu asubuhi nilijiona bingwa na mchana masikio yaliniwaka kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, Mwanza imejaa wageni wa minofu ya samaki na wa dhahabu. Bosi wangu alifungua duka karibu na bandari, akiwauzia mvinyo, jibini na zile sigara nene zinazoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe, bila karatasi. Aliniajiri kwa sababu ya sifa za babu yangu wa Misungwi. Babu akinusa tumbaku mara moja tu, anakwambia imelimwa wapi. Nami nikajiona nimerithi pua yake. Wee! Nilitembea kifua mbele utadhani nimeapishwa.

Basi akaja Mama Minza wa Buhongwa. Kiwanda cha tumbaku alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, akaanza kuviringisha sigara nene nyumbani kwa mkono. Alizileta zimefungwa ndani ya kitenge safi, akatoa mbili za kuonja. Bosi akaniambia, "Wewe ndiye mjukuu wa tumbaku. Ukisema nzuri, nazichukua kila wiki." Yule mama akanitazama. Watoto wake wanne walitegemea neno langu, na mimi wala sikulifikiria hilo.

Kwetu tumbaku nzuri ni ile inayokupiga. Babu akivuta kiko chake, ukikaa karibu machozi yanakutoka, na wazee wenzake wanasifu, "Hii ndiyo yenyewe!" Kwa hiyo nikaiwasha ile sigara, nikaivuta harakaharaka, nikaumeza moshi, nikasubiri inipige. Haikunipiga. Nikasema kwa sauti dukani, "Hii imepoa. Majani matupu." Mama Minza akafunga kitenge chake, akasema asante, akaondoka.

Pale dukani alikuwepo Ta Laurian, mzee wa Bukoba aliyestaafu kazi ya kuonja kahawa. Akaniita.

"Kijana, ile sigara umeionja, au umepigana nayo?"

Nikababaika, nikajikuta nimempa shikamoo ya pili.

"Marahaba. Kaa hapa, uimalizie."

Akanifundisha kuibonyeza kidogo kwa vidole, kuinusa, kuvuta polepole, kuuacha moshi mdomoni bila kuumeza, kisha kungoja kabla ya kuvuta tena. Mwanangu, ikaja ladha ya karanga za kukaanga! Nilipofika katikati ikakolea, ikawa na uchungu mzuri wa kahawa, na koo halikuumia hata kidogo. Jivu lilikuwa jeupe, limeshikana. Niliona haya kabisa.

"Huyu mama anajua kuchagua majani," mzee akasema. "Wewe umemnyima riziki kwa sababu sigara yake haikukutoa machozi."

Nikaenda kwa bosi, nikamwambia nimekosea. Akanicheka mbele ya wateja. Akanifunga macho kwa kitambaa, akanipa sigara tatu moja baada ya nyingine, mbili za ng'ambo na ile ya pili ya Mama Minza iliyobaki kaunta. Nikaitambua bila kubabaika, nikaeleza na tofauti zake. Bosi akanifungua kitambaa, akasema, "Kamlete." Sijifichi, siku hiyo nilijivunia ulimi wangu kuliko pua ya babu.

Kesho yake nikaenda Buhongwa. Mama Minza alikuwa barazani anatoa vikonyo vya majani, wala hakuinuka.

"Umekuja kunihurumia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea, na bosi anazitaka."

Akanipa sigara nyingine. "Onja kwanza."

Nikaonja bila haraka. Ladha ilikuwa nzuri, lakini moshi haukuja vizuri. Lo, mtihani huo! Nikimwambia, nitamuudhi mara ya pili. Nikamwambia hivyo hivyo, "Mama, hii imekazwa mno."

Akaichukua, akaipasua kwa kisu, akaitazama ndani. Akacheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni.

"Hii kaviringisha binti yangu, bado anajifunza. Sasa nimeamini ile nyingine uliionja kweli. Mwambie bosi wako nakuja."

Wiki iliyofuata zikapangwa kwenye kioo cha duka, sambamba na za ng'ambo. Wageni wakiuliza zimetoka nchi gani, najibu kwa sauti, "Buhongwa!"

Sikufundishi kuvuta, mwanangu. Daktari alishanikataza na nimemtii. Nakuasa hivi: ukipewa kupima kazi ya mtu, ipe muda wake, uijue ilivyo kabla ya kuilinganisha na ile uliyoizoea kwenu. Ukikosea, rudi ukaseme mbele ya wale wale waliokusikia. Na ukiona kasoro, itaje kwa heshima hata kama unaogopa, maana hapo hata ukisifu utaaminika.

Mungu akupe ulimi wa kweli na subira ya kuutumia, na kazi ya mikono yako impate mpimaji asiye na haraka.