Kifurushi cha Bure na Matusi Juu

Siku ya kwanza kazini, kwenye yadi ya makontena Changamwe, Mkuu wa Kompyuta aliniuliza shule niliachia wapi. Darasa la saba, nikamwambia, wazazi walipofariki na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu. Kompyuta nilijifunza baadaye.

Akacheka. "Basi umezoea kubeba watu. Utatubebea vifurushi."

Kifurushi ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine, nawe unakichukua bure badala ya kuandika chako. Tulitumia lugha ya Python, na chombo cha kuleta vifurushi huitwa pip. Kimoja kikiharibika, unaiambia pip ikague ni vifurushi vipi havipatani, unakiondoa kibovu, unarudisha toleo lililokuwa likifanya kazi.

Asubuhi moja mizani ya malori iligoma. Bwana mmoja wa ng'ambo, mwenye kifurushi kilichotusomea uzito, alikuwa ametoa toleo jipya lenye kasoro. Nikarudisha la zamani, malori yakasonga. Meneja wa Yadi hakutosheka.

"Mwandikie huyo mpumbavu! Atengeneze leo!"

"Bosi, huyu hatujawahi hata kumwambia ahsante."

"Kwani dada, wewe wakili wake? Andika, ama kesho usije."

Wadogo zangu walikuwa bado shuleni, na mshahara ulikuwa huo mmoja. Sikuandika. Kutegemewa na watu wasiokuuliza umelalaje, hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Hakunifuta, alinitupa ghala la Likoni nikaangalie printa. Huko nikamwandikia yule bwana, nikaanza kwa kumjulia hali. Akajibu kwamba yuko peke yake, amechoka, na watu humwandikia kutukana tu. Tukaondoa ile kasoro pamoja. Alipoacha kazi hiyo, kifurushi akanikabidhi mimi.

Nimestaafu sasa, niko Mikindani, na bado nakitunza bure. Juzi umeniingia ujumbe kutoka yadi ile ile. Hawajui mwenyewe ni nani. "Kifurushi chako takataka. Tengeneza leo." Hata hujambo hakuna!

Kasoro nimeiona, ni ya mistari miwili. Malori hayatalala njiani: toleo la zamani lipo, na kulirudisha niliwafundisha mimi. Nimewajibu: "Nisalimieni kwanza."

Mpaka sasa, kimya. Nami nimekaa, nangoja.