Mtani Aliyevaa Kanga ya Bibi

Siku tuliyorekodi onyesho la msiba, mtu wa vifaa alifungua kopo la ugoro pale studio. Nikapiga chafya, na papo hapo nikawa nimerudi kijijini kwetu Mgeta, mtoto wa darasa la pili.

Mimi huandika na kutayarisha vichekesho vya runinga. Wakiniuliza nilisomea wapi, hutaja chuo, maana jibu la kweli ni refu: nilisomea msibani.

Bibi mzaa mama alipofariki, mama hakulia. Alikaa mkekani kimya, uji ukimpolea mbele yake. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni. Mama mkubwa alinong'ona jikoni kwamba tukizubaa tutamzika na huyu. Niliyasikia, nikaogopa sana.

Ndipo wakaja watani wetu, watu wa ukoo mwingine ambao kimila wana ruhusa ya kufanya mzaha hata penye jeneza. Mbele alikuwa Mama Felista, kajifunga kanga ya marehemu, kopo la ugoro la bibi mkononi. Alipita katikati ya waombolezaji kwa mwendo uleule wa bibi, mkono kiunoni, akifunua masufuria na kunung'unika. Akanusa ugoro, akapiga chafya za bibi, zile za mfululizo zilizokuwa zikikimbiza kuku. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitaka kumng'ata, mama mkubwa akanishika mkono, akaniambia mtani hanuniwi.

Mama Felista akasimama mbele ya mama.

“Nimekufa jana tu, mmeshaunguza maharage. Na wewe, uji huo unamngoja nani? Nife tena?”

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikageuka kilio, akalia mpaka upande wa kanga ukalowa. Alipotulia aliomba uji mwingine, wa moto.

Hata hivyo nilimchukia Mama Felista kwa miaka. Nilimwelewa nilipoanza kazi hii, nikahangaika kumwandika bibi kizee achekeshe bila kudhalilika. Chafya zile haziigwi na mtu aliyemwona bibi mara moja. Mama Felista alikuwa amekaa naye, amemtazama, amempenda. Naye alikuwa amefiwa.

Kipindi chenye onyesho lile la msiba kiliporuka hewani, mama alinipigia simu kutoka Mgeta. Hakunisifu.

“Nimemwona mama,” alisema, akaanza kucheka.

Sikukata simu. Nilijua kinachofuata.