Alama za Makaa Ukutani

Mkono wangu wa kulia haunyooki mbele wala hauinuki kupita kiuno. Watu wakiuona hudhani nilizaliwa hivyo, au mume alinivunja, nami huwaacha wadhani. Ukweli unaniudhi zaidi.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa mke mgeni katika boma la wakwe zangu, karibu na Kisian. Nikitoka ziwani na mtungi niliteleza, bega likavunjika. Hospitali ya mjini walinifunga mkono kwa kitambaa shingoni hadi mfupa ukaunga, lakini bega lilikuwa limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Mama mmoja wa Kizungu wa hapo hospitalini akanifundisha dawa yake: simama mbele ya ukuta, vidole viupande polepole, na kesho vipite pale vilipofika leo. Itauma, alisema kupitia mkalimani, lakini ukiacha, bega litafunga.

Mama mkwe alikuwa mwema, wala simpambi. Alinitekea maji, alinichambulia samaki miiba. Kwake mgonjwa ni wa kulala, na kiungo kinachouma ni cha kutulizwa. Alidhani hospitali walinikanda tu, kama wakandaji wa kwao walivyokanda kwa samli.

Ukuta niliouchagua ulikuwa wa jiko lake, upande wa nyuma penye kivuli. Kila asubuhi nilipandisha vidole huku machozi yakinitoka, kisha nikachora alama kwa kipande cha makaa mahali nilipofika. Alama zilipanda. Ya mwisho ilikuwa usawa wa macho yangu, na siku hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ndivyo alivyonikuta.

"Nyar Maseno," alisema, yaani binti wa Maseno, akiniita kwa kwetu kama kila mke alivyoitwa kwa kwao, "unahesabu nini kwa ukuta yangu?"

"Ni dawa ya hospitali, Mama."

"Dawa gani inapanda ukuta? Hiyo ni juok." Uchawi, basi.

Mume wangu, aliyekuwa kuli gatini Kisumu, alirudi Jumamosi akasikiliza upande mmoja. "Wangekudunga sindano ningeelewa," akasema. "Mtu mzima anacheza na ukuta halafu anasema anatibiwa? Wacha hiyo mambo." Hospitali sikurudishwa.

Mama mkwe alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, akapaka ukuta upya, akazifukia alama zangu zote. Kisha akaniletea uji, akaniambia nipumzike. Nikapumzika, na bega likafunga.

Nimezaa watoto na sijawahi kumrusha hata mmoja juu nikamdaka. Wageni nawasalimu kwa kushoto, naonekana sina adabu.

Uzeeni, mama mkwe alianguka jikoni mwake. Nilimsikia akiita, nikakimbia, nikamkuta ameegemea ule ule ukuta, ameninyooshea mikono yote miwili nimwinue. Nilimpa mmoja. Akaung'ang'ania, tukavutana, tukashindwa, akarudi chini kwenye majivu.

"Lete na huo mwingine, Nyar Maseno," akasema. Alikuwa amesahau kabisa.