Mwavuli wa Wakfu

Asamaru amelima shamba la wakfu tangu aolewe mtaani kwetu, hapa mjini Patan. Aliyeliweka wakfu alitaka mpunga wake uuzwe, fedha zitengeneze kila mwaka paa la banda la wapita njia, alilolijenga kumkumbuka mwanawe aliyekufa. Wanachama wa wakfu wakaongeza karamu kidogo, eti wasipande paani na njaa. Siku hizi imebaki karamu tu, humo humo bandani. Wanashiba nyama ya nyati na pombe ya mchele, wanafuta midomo, wanalitazama paa, wanakwenda zao kulala.

Mwaka huu vigae viliporomoka, likabaki tundu juu hasa ya nafasi ya Astaman, mkubwa wao. Kwetu karamuni watu hukaa kwa umri, na mkubwa hahami mahali pake hata banda liwake moto. Basi mvua ikamnyeshea, na kadiri alivyokula ndivyo mchuzi wake ulivyozidi kuwa mwingi.

"Mzee, sogea huku pakavu," alisema Asamaru, sufuria mkononi.

"Nikae nyuma ya wadogo zangu? Wewe mama, pakua."

"Nipakue nini, na maji unayo tayari? Huo mchele unaotafuna ungenunua vigae."

Wadogo wakainamia sahani zao za majani. Walipokwisha kula wakajadiliana kwa dhati, wakapitisha kwa kauli moja: fedha za wakfu zimnunulie mzee mwavuli mkubwa.

"Na mwavuli ukitoboka?" aliuliza Asamaru.

Astaman alijipangusa mvua usoni. "Tutaandaa karamu, tulizungumze."