Tuta Moja la Alois

Kabla ya mwaka ule wa mafua, ungemwambia mtu yeyote upande wa Usoke kwamba Alois ataomba kuandikwa miongoni mwa wasiojiweza, angekunusa kwanza mdomo kujua umekunywa nini. Alois! Mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani asitue mzigo hata mara moja kabla ya kambi. Ndivyo ukoo wao unavyosimulia, na sisi watu wa Unyamwezi tukianza kusimulia ya wapagazi wetu, mgeni mwenye adabu hunyamaza akasikiliza.

Katika shamba la kijiji, tuta la kwanza lilikuwa la Alois. Wenzake walimfuata nyuma wakihema kama ng'ombe waliotembezwa kutoka Nzega. Na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe. Ndiye aliyetunga ule wimbo wa kuwacheka wanaougua siku za kazi tu:

Leo kichwa, kesho mgongo,
keshokutwa kidole gumba;
ugali ukishaiva,
mgonjwa wa kwanza kunawa!

Wimbo ulifika mpaka stesheni. Wanawake waliutwangia mahindi.

Basi mwaka 1976 mafua makali yakapita kijijini. Watu walilala wiki nzima, wakaamka, wakashika majembe. Alois naye aliamka, ila nguvu zake hazikuamka naye. Safari ya kisimani ilimlaza. Akilima asubuhi moja, siku mbili au tatu zilizofuata mwili ulikuwa kama mtumba wa tumbaku ulionyeshewa, na kichwa kilijaa ukungu hata akasahau jina la mbuzi wake. Mganga wa zahanati alimpima damu, akamsikiliza kifua, asione kitu. "Homa imekwisha, bwana. Kalime."

Kijiji kilikuwa na kanuni yake: asiyefanya kazi na asile. Siku zako za kazi zikipungua, hupati mgawo wa mahindi, isipokuwa jina lako limo kwenye orodha ya wasiojiweza. Orodha hiyo ilikuwa na watu sita, vikongwe, vipofu na mzee mmoja wa mguu mmoja. Ghala la Alois lilikuwa limebaki na panya, nao walikuwa wanafunga virago. Watoto walikuwa wanne.

"Baba Eustace, nenda kwenye kamati," mkewe Eustadia alimwambia, kwa mara ya kumi.

"Nikaseme nini? Mikono miwili, miguu miwili, nikasimame mbele ya watu niseme nimechoka?"

"Sema hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ulivyo wimbo!"

Mwishowe alikwenda. Lakini ngoja nikwambie upumbavu wa mwanamume wa kwetu. Alipumzika siku mbili ili apate nguvu za kutembea. Akaoga, akajipaka mafuta, akavaa shati jeupe la Krismasi na viatu. Kwao mtu hasimami mbele ya wazee kama tambara, hata kama alichokwenda kuomba ni kuitwa tambara. Akaingia kwenye ofisi ya kijiji kifua mbele, anang'aa kama sufuria mpya.

Mwenyekiti Mayala, mtu mzima mwenye kofia asiyoivua hata akila, alimtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Alois, umekuja kuomba au umekuja kuposa?"

Kamati ikacheka. Nyuma mtu akaanza kuimba polepole: leo kichwa, kesho mgongo. Alois akatazama viatu vyake.

"Sisi hatumkatalii mgonjwa," akasema Mayala. "Lakini macho yana haki yake. Twende shambani ulime tuta moja, tuone."

Mwenye akili angepiga majembe matatu, akakaa chini. Lakini watu walikuwa wamejaa kando ya shamba, na jembe lilipoingia mkononi likamkumbusha yeye ni nani. Alilima tuta lile hadi mwisho, limenyooka kama reli. Na, Mungu amsamehe, alirusha jembe juu akalidaka! Vigelegele vikapigwa.

"Mgonjwa wa namna hii nipeni kumi," Mayala akasema, na maombi yakaishia hapo.

Alois alitembea vizuri mpaka kona ya mkorosho, ambako macho ya watu hayafiki. Hapo akakaa chini. Eustadia ndiye aliyemkokota nyumbani.

Siku ya pili mchana alikuwa bado mkekani, hawezi kushika kikombe, mwanga wa mlangoni unamchoma macho. Eustadia akajifunga khanga ya pili.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwita mwenyekiti."

"Mama Eustace, nakuomba. Asinione hivi."

"Ameona tuta. Hajaona linalofuata tuta."

Mayala alipoinama kuingia, Alois alijaribu kuinuka amwamkie mkubwa wake. Mkono ukakataa, akaanguka kifudifudi, uji ukamwagika kwenye shati lile lile la Krismasi. Akavuta shuka, akajifunika uso kama bibi harusi. Mayala akavua kofia.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu tuta lako," Eustadia akajibu.

Chini ya shuka sauti ikatoka: "Mwenyekiti, ule wimbo niliutunga mimi."

"Najua," Mayala akasema. Akaizungusha kofia mikononi. "Na mimi niliuimba."

Jina likaandikwa. Lakini kuandikwa ni kazi ya kalamu tu; siku ya mgawo majina husomwa kwa sauti, na mwenye jina huitika mbele ya kijiji kizima. Alois alisimama kwenye foleni ya wasiojiweza, nyuma ya Bibi Apolinaria, kipofu, mwenye ulimi usiozeeka.

"Nani huyu anayehema mgongoni kwangu?"

"Mimi, bibi. Alois."

"Ah, mume wangu! Umenifuata hadi huku?"

Watu wawili watatu walitabasamu. Alois hakuweza.

"Alois!" Mayala akaita.

 Wale aliowahi kuwaongoza walikuwa wamesimama na mikono yao mizima.

"Alois!"

Bibi akamfinya. "Itika, mume wangu. Mahindi hayajiitikii."

"Nipo."

"Sikusikia."

"Nipo!"

Hakuna aliyeimba. Wimbo angeustahimili, kimya kile cha huruma ndicho kilichomchubua ngozi. Bibi Apolinaria labda alikisikia pia, maana alianza kuimba peke yake, kwa sauti iliyopasuka: "Leo kichwa, kesho mgongo..." Akakwama hapo, akamgeukia. "Malizia basi, ni wako."

Masikio ya Alois yaliwaka. Macho chini, kwa sauti ya kumtosha yeye na kikongwe tu, akaumalizia mpaka kwenye kunawa, huku akifungua mdomo wa gunia.